Jicho Katika Kazi ya Sikio

Katika baadhi ya madarasa ya kuimba ya Ulaya, Marekani na Australia, kompyuta imewekwa kando ya piano. Mwanafunzi aimbapo, mstari hupita juu ya kioo chake papo hapo: sauti ikipanda nao hupanda, ikishuka nao hushuka.

Sifa wanazokimiminia chombo hiki watetezi wake ni nyingi, na si zote za uongo. Mwaka 1989 Graham Welch, David Howard na Christopher Rush walitangaza huko Uingereza kuwa watoto wa shule walioona sauti zao kiooni walizidi kuwa sahihi katika kuimba. Mtoto asiyetambua kama amepanda au ameshuka hupata pa kushika. Haki hiyo chombo kipewe. Balaa ni dai linalofuata, kwamba kilichomfaa mtoto aliyepotea kitamfaa kila mwimbaji, kila siku, mpaka mwisho wa masomo yake.

Dai hilo halina miguu. Mwimbaji hodari huisikia sauti moyoni kabla haijatoka kinywani, kisha koo hulifuata sikio. Mstari wa kiooni hauji ila nyuma ya sauti iliyokwisha toka. Basi anayeungojea hujifunza kurekebisha makosa, hajifunzi kuyaepuka. Salmoni, Schmidt na Walter, wachunguzi wa jinsi viungo vinavyojifunza kazi, walionya mwaka 1984 kuwa maelekezo yatolewayo kila mara humsaidia mwanafunzi wakati yapo, na huweza kumdhuru yaondolewapo. Na jukwaani yataondolewa, maana hapana hadhira itakayomshikia mwimbaji kompyuta mbele ya uso wake.

Wako wamtajao Manuel García, ambaye taarifa yake ya kutazama koo lake mwenyewe kwa vioo ilipelekwa mbele ya Royal Society ya London mwaka 1855. Ushahidi huo hauwafai. Kioo kile kilikuwa chombo cha uchunguzi, na waliokirithi hasa ni matabibu.

Lakini shauri lililo zito kuliko yote ni mistari iliyochorwa kiooni tangu mwanzo. Kwa kawaida mizani yake ni ya piano: oktava imekatwa vipande 12 vilivyo sawa, kila kimoja senti 100. Je, kila wimbo wa dunia hupimwa kwa mizani hiyo? Taarabu ya Unguja, inayotunzwa na vyama kama Nadi Ikhwan Safaa kilichoundwa mwaka 1905, ilipokea maqamu kutoka Misri. Katika maqamu ya Rast, sauti ya tatu hukaa baina ya senti 300 na 400, karibu na katikati, wala waimbaji wa Kairo na wa Aleppo hawaiweki mahali pamoja. Msichana wa Unguja akiiimba barabara kama alivyoipokea kwa mwalimu wake, kioo kitamwambia kuwa amekosea. Atatahayari, ataipandisha mpaka iguse mstari, na kioo kitamsifu kwa kuiharibu Rast.

Itajibiwa kuwa akodiani nayo ina mizani ya piano, na taarabu imeishi nayo. Kweli, lakini akodiani hukaa pamoja na fidla na udi, na mwimbaji huchagua amfuate nani. Haimhukumu mtu, wala haimpi alama.

Mwalimu asiyetaka kukitupa chombo hiki na akigeuzie ukutani mwanafunzi aimbapo. Amwulize kwanza: ulipanda au ulishuka? Akisha jibu, ndipo kigeuzwe, atazame kama sikio lake lilisema kweli. Na katika somo la Rast, mistari ile 12 ifutwe, ubaki kiooni mstari wa sauti ya mwalimu peke yake.