Kilango cha Moyo Hufunguliwa Bila Kupasua Kifua

Juma hili tuzungumze habari za moyo. Si moyo wa kupenda na kuchukia, bali huu wa nyama unaopiga kifuani.

Moyo una vyumba vinne, na ndani yake mna vilango vinavyoiongoza damu ipite upande mmoja tu. Kilango kimoja cha kushoto hupitisha damu itokayo mapafuni. Mtoto akiugua homa ya baridi yabisi, kilango hicho chaweza kupata makovu, kingo zake zikagandamana na tundu likawa dogo. Damu ikikosa njia hurudi nyuma na kujaa mapafuni. Ndipo mtu hutweta akipanda kilima kidogo, na usiku hulala ameketi. Mara nyingi mgonjwa ni mwanamke kijana, na ugonjwa hujulikana akiisha kuchukua mimba, kwa maana mimba humwongezea moyo kazi. Majirani husema amerogwa.

Mwaka 1925, huko London, daktari Henry Souttar alipasua kifua cha msichana mmoja, akatia kidole ndani ya moyo na kukipanua kilango. Msichana akapona. Mwaka 1929, huko Ujerumani, kijana Werner Forssmann alijipitishia mpira mwembamba katika mshipa wa mkono hata ukafika moyoni, kisha akaenda kwa miguu yake kupigwa picha ya eksirei. Mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

Mjapani Kanji Inoue aliunganisha mambo hayo mawili mwaka 1982. Katika njia yake, mgonjwa hutiwa ganzi kwenye kinena tu. Mpira hupitishwa katika mshipa hata moyoni, ukatobolewa ukuta mwembamba kati ya vyumba viwili vya juu. Nchani mwake mna puto. Likifika katikati ya kilango hujazwa maji kwa sekunde chache, na kingo zilizogandamana huachana. Kidonda ni kidogo sana, na baada ya siku chache mgonjwa hurudi nyumbani.

Lakini njia hii si ya kila mtu. Kilango kilichokuwa kigumu kama jiwe, au kinachovuja sana, huhitaji bado kupasuliwa kifua. Kwa hiyo anayechelewa hospitali kwa kuogopa kisu, huenda kwa kuchelewa kwake akakihitaji kisu hicho hicho. Hapa kwetu, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hutibu moyo kwa mipira ya namna hii.

Akina baba na akina mama, ugonjwa huu huanzia kooni. Mtoto akiumwa koo pamoja na homa, msitosheke na maji ya chumvi, mpelekeni zahanati. Dawa ya penisilini ikitolewa mapema huizuia homa ya baridi yabisi. Na mtoto aliyekwisha kuipata homa hiyo achomwe sindano yake kila majuma matatu au manne, kwa miaka mingi kama daktari atakavyoagiza, hata akionekana mzima anacheza mpira. Nauli ya kwenda zahanati ni ndogo kuliko nauli ya kwenda Dar es Salaam.

Mungu awalinde ninyi na watoto wenu.