Wakufunzi wa Mbulu na Hanang' nao wapewe nafasi ya kujifunza pamoja



Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaojulikana kwa kifupi kama MEWAKA na kuratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, umewapa walimu wa shule jumuiya za ujifunzaji, yaani vikundi vya walimu wanaokutana shuleni kwao kwa ratiba, wakajadili mada inayowatatiza kuifundisha, wakaiandaa upya, kisha mmoja akaifundisha huku wenzake wakitazama. Mpango huo unastahili sifa. Malalamiko ya barua hii ni kwamba mkufunzi wa chuo, hasa chuo kidogo kilicho mbali na miji mikubwa, amebaki pembeni, kana kwamba aliyekwisha kuitwa mkufunzi hana tena la kujifunza katika kufundisha.

Vyuo vya maendeleo ya wananchi, kikiwamo cha Tango wilayani Mbulu, ni vya kundi lililoanza mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden na kwa kufuata mfano wa vyuo vya watu wazima vya nchi hiyo, ambavyo msingi wake ni watu kufundishana. Anayefundisha uashi, ushonaji au umeme wa majumbani katika vyuo vya aina hii mara nyingi ni fundi kwanza na mwalimu baadaye. Kazi anaijua, lakini mtaala unaozingatia umahiri, ambao humpima mwanachuo kwa anachoweza kutenda badala ya anachoweza kukariri, unamtaka pia ajue kupanga zoezi, kulisimamia na kulitolea alama kwa haki. Katika chuo kidogo fani moja huweza kuwa na mkufunzi mmoja tu, na huyo hata akitaka kuuliza hana wa kumuuliza, kwa kuwa mwenzake wa karibu yuko chuo kingine, pengine ng'ambo ya barabara ya vumbi ambayo wakati wa masika haina uhakika.

Mkufunzi wa uuguzi, kama walioko katika chuo cha Haydom wilayani Mbulu, yuko katika hali tofauti kidogo. Taaluma yake ina utaratibu wa kujiendeleza unaohusishwa na uhuishaji wa leseni, lakini kinachosisitizwa humo ni kumhudumia mgonjwa, wakati kumfundisha mwanafunzi kumhudumia mgonjwa ni ujuzi mwingine kabisa. Mambo hayo mawili yamechanganywa kwa muda mrefu mno.

Watetezi wa hali iliyopo watasema kwamba semina zipo. Zipo, lakini zilizo nyingi hufanyika Morogoro au Dodoma, huitwa mtu mmoja kwa niaba ya chuo kizima, naye hurejea na kabrasha linaloishia kabatini. Na haitakuwa dhambi kusema kwamba baadhi ya semina hukumbukwa zaidi kwa posho kuliko kwa mada. Ujuzi wa kufundisha hauhami kwa njia hiyo, kwa sababu hujengeka pale mkufunzi anapotazamwa na mwenzake akiwa kazini, akaelezwa bila kuogopwa kwamba zoezi lake halikueleweka, akalirudia wiki inayofuata.

Wala kujifunza kwa vikundi namna hiyo si jambo geni nchini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kujifunza vilivyosikiliza redio na kujadiliana, vikiongozwa na watu wa hapo hapo kijijini. Ikiwa wakulima waliweza kukutana kwa ratiba wakati ule, wakufunzi wenye simu mkononi hawakosi uwezo. Wanachokosa ni ruhusa na muda.

Kwa hiyo mamlaka zinazohusika na vyuo, pamoja na halmashauri za Mbulu na Hanang', zinaombwa zitambue jumuiya za wakufunzi zinazovuka mipaka ya chuo kimoja, ziwatengee siku moja kwa mwezi ndani ya saa za kazi, wakikutana kwa zamu Mbulu mjini, Haydom na Katesh wilayani Hanang', na nauli zao ziingizwe katika bajeti ya vyuo. Mahudhurio hayo yahesabiwe pia wakati wa kupandisha vyeo, kwani kazi isiyohesabiwa huachwa. Bajeti ya mwaka ujao isipitishwe bila kifungu hicho.

Msomaji,
Dongobesh, Mbulu