Dobi wa Bolti Anastahili Glavu

Wasee, hii tabia ya kucheka kazi ya mtu juu haina jina kubwa imenichosha.

Mnajua niliacha uhandisi mwaka wa pili, karo ilikataa. Kabla nishike kamera nilifanya kibarua kwa kiwanda fulani cha bolti hapa Nairobi. Sikuwekwa kwa mashine. Niliwekwa kwa matangi, na vijana wa mashine wakaniita "dobi".

Sasa sikiza dobi hufanya nini. Bolti nyingi hazichongwi. Waya wa chuma hugongwa ukiwa baridi ndani ya kalibu hadi ushike umbo. Presha hapo inaweza kupita megapaskali 2,000. Ukipaka oili peke yake, inakamuliwa yote nje. Chuma kinang'ang'ania kalibu, bolti inatoka na mikwaruzo, na kalibu ya bei mbaya inaharibika.

Ndio maana waya hupita kwa matangi kwanza: asidi ya kutoa kutu, maji, fosfeti ya zinki ikiwa moto, maji tena, halafu sabuni moto. Fosfeti inaota juu ya chuma, fuwele ndogo ndogo zimeshika kabisa. Sabuni inaungana nazo kikemikali. Kinachobaki ni ngozi nyembamba kuliko unywele, inayoteleza na kunyooka pamoja na chuma. Ujerumani walijua hii siri tangu miaka ya 1930.

Suuza vibaya, asidi inachafua fosfeti. Acha tangi lipoe, fuwele hazishiki. Mashine ya mamilioni inamtegemea dobi, na dobi ndiye analipwa kidogo kuliko wote.

Glavu zangu zilitoboka wiki ya kwanza. Nikaomba zingine, nikaambiwa, "Wenzako hawalalamiki." Alama iko mkononi hadi leo.

Mtasema, "Si ungemaliza shule." Hapana! Asidi haiulizi digrii. Na kwa darasa, msuguano ulikuwa tu herufi moja ubaoni. Kwa tangi ndio niliuelewa.

Glavu si zawadi ya bosi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamlazimu anunue.

Kiti cha mathree umekalia sai kimeshikwa na bolti. Kuna mtu aliiosha. Kama ni wewe, niambie hapo chini: walikupa glavu?