Mnyamavu Si Mwoga

Kiswahili kina akiba kubwa ya maneno ya kumtaja mtu asiyesema sana: mkimya, mnyamavu, mpole, mwenye haya, mpweke, na asipopendwa, huitwa mwenye maringo. Methali nazo zinagongana. Moja humsifu simba mwenda kimya kwa kuwa ndiye mla nyama. Nyingine yatuonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa. Hata hivyo, maneno hayo yote humweleza mtu jinsi jirani anavyomwona. Yanayopita moyoni mwake hayaguswi.

Carl Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliliwekea suala hili msingi katika kitabu chake cha mwaka 1921 kuhusu aina za nafsi. Kwake, kigezo si wingi wa maneno bali mwelekeo wa nguvu za nafsi: wapo ambao nguvu zao huelekea nje, kwa watu na vitu, na wapo ambao huelekea ndani, kwenye fikra. Mnamo 1967, Hans Eysenck alitoa hoja ya kimaumbile, kwamba ubongo wa hawa wa pili husisimka upesi zaidi. Ndiyo maana kelele na umati huwachosha mapema. Tuwaite 'watu wa ndani' hadi wanaistilahi watupe neno bora.

Mwenye haya hutamani kusema lakini huchelea kuchekwa. Mtu wa ndani aweza kuuhutubia ukumbi mzima bila kutetemeka, kisha akahitaji jioni nzima peke yake. (Wapo pia walio na yote mawili, maskini!) Ndugu msomaji, jichunguze: baada ya sherehe iliyokufurahisha, hutoka umejaa au umepungua? Hoja yako bora hukujia katikati ya semina, au ukiwa njiani kurudi bwenini?

Jambo hili si dogo kwetu, maadamu wengi tunasomea ualimu. Wapo wenzetu wanaoapa kwamba hawatafaa darasani kwa kuwa 'hawana mdomo'. Wanajidhulumu. Mwanafunzi humhitaji mwalimu aliyejiandaa na anayemsikiliza, na hizo ni sifa ambazo mtu wa ndani aghalabu huwa nazo. Naye mhadhiri anayetoa alama za semina kwa kuhesabu mikono iliyoinuliwa hapimi maarifa. Awape wanafunzi dakika 5 za kuandika kabla ya mjadala, aone kama mikono itakayoinuka itakuwa ile ile ya kila wiki.