TUSCALOOSA, SEHEMU YA 4: Acheni kusema "siku zao zilifika"

Kila nikisimulia ile tonado, lazima atokee mtu aniambie, "Nesi, ndo siku zao zilikuwa zimefika." Anasema kwa upole kabisa. Leo nakujibu wewe unayesema hivyo.

Tarehe 27 Aprili 2011 haikuja kimyakimya. Watabiri walikuwa wameonya siku kadhaa kabla. Ving'ora vililia. Televisheni zilikuwa zinaionyesha moja kwa moja ikiingia mjini, saa kumi na moja jioni imepita kidogo. Na siyo chamchela ya kurusha mabati mawili, jamani! Ilikuwa na upana wa zaidi ya kilomita 2, upepo zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Kutoka Tuscaloosa hadi Birmingham iliua watu 64.

Kwa hiyo onyo lilikuwepo. Mahali pa kukimbilia ndo hapakuwepo. Nyumba nyingi za Alabama hazina chumba cha chini ya ardhi. Ukiwa Rosedale Court, nyumba za serikali za watu wa kipato cha chini, ungekimbilia wapi? Bafuni. Na bafu likaondoka na nyumba.

Chuo Kikuu cha Alabama chenyewe kiliponea chupuchupu, lakini kilipoteza wanafunzi 6. Walikuwa wamepanga nje ya chuo. Mitihani ikafutwa, mahafali yakasogezwa hadi Agosti. Nilikuwa zamu jioni ile. Waliofika kwetu wakiwa na tope na vipande vya mbao mwilini hawakuniambia habari za siku kufika. Waliniambia, "Tulisikia king'ora, hatukuwa na pa kwenda."

Utaniambia, "Mungu ndiye anayepanga." Sawa, mimi pia nasali. Lakini angalia Enterprise, hukohuko Alabama. Tarehe 1 Machi 2007 tonado iliua wanafunzi 8 ndani ya sekondari yao, wamejikunyata kwenye korido kama walivyoelekezwa. Mwaka 2010 sheria ya jimbo ikadai shule mpya zijengwe na makimbilio imara. Hakuna aliyesema sheria hiyo inapingana na Mungu. Walijua ukuta ulikuwa dhaifu, wakadai ukuta mwingine.

Maneno ya "siku zao" yanamfaa nani? Yanamfaa mwenye nyumba mbovu, na kiongozi asiyetaka kutoa hela ya makimbilio. Mfiwa hayamsaidii kitu. Ukienda msibani, mpe pole, inatosha.

Na wewe ndugu yangu unayeishi huku, kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, uliza: king'ora kikilia, nakimbilia wapi? Wakikosa jibu, tafuta kwingine. Kama hela hairuhusu, basi jua leoleo, anga ikiwa safi, ni jengo gani la karibu lina makimbilio na utafikaje.

Sehemu ya 5: kwa nini helmeti ya baiskeli ikae karibu na kitanda chako.