Ngozi Nyeusi Nayo Huumizwa na Jua

Anayeulizia losheni ya kukinga jua saluni, kwenye duka la vipodozi au hata kwa baadhi ya wauza dawa, mara nyingi hupewa jibu moja: hiyo ni ya Wazungu, sisi Mungu ametuumba na kinga yetu. Jibu hilo lina ukweli kiasi, na ndiyo maana limedumu. Ila ukweli huo umenyooshwa mpaka ukawa uongo, na uongo huo unawaharibu watu nyuso.

Ukweli wenyewe umepimwa. Mwaka 1979 Kays Kaidbey na wenzake, huko Philadelphia, Marekani, walipima kiasi cha mionzi ya urujuanimno kinachopenya tabaka la juu la ngozi nyeupe na nyeusi. Mionzi ya UVB, ile inayobabua, ilipenya ngozi nyeupe kwa asilimia 24 na ngozi nyeusi kwa asilimia 7.4. Mionzi ya UVA, inayozama ndani zaidi na kuichakaza ngozi taratibu, ilipenya kwa asilimia 55 upande mmoja na 17.5 upande wa pili. Melanini, basi, ni kinga ya kweli. Lakini ni kinga ya namna ya kivuli cha mwembe: joto linapungua, na jua bado linachungulia kati ya majani. Kwa UVA, zaidi ya sehemu moja kati ya sita inaingia ndani, na inaingia kila siku, mwaka hadi mwaka.

Na jua la kwetu si la kubezwa. Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na Kigali ziko karibu na ikweta, ambako kipimo cha kimataifa cha nguvu ya urujuanimno hupita 11 mara nyingi wakati wa adhuhuri. Kiwango hicho ndicho kinachoitwa cha kupindukia. Wakazi wa miji ya nyanda za juu ndio wanaodanganyika zaidi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 za kupanda huongeza mionzi kwa takriban asilimia 10. Mtu anavaa sweta kwa baridi ya Njombe au Limuru, haoni jasho, anadhani jua limelala. Baridi haizuii urujuanimno, na wingu jepesi huuzuia kidogo tu.

Wanaoshikilia imani hii wana hoja moja nzito, nayo inastahili kujibiwa kwa haki. Wanasema saratani ya ngozi itokanayo na jua ni nadra kwa watu weusi. Ni kweli. Hata saratani iliyomuua mwanamuziki Bob Marley mwaka 1981 ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, na saratani ya aina hiyo, inayoota kwenye nyayo, viganja na kucha, haitokani na jua. Mfanyabiashara anayeuza losheni kwa kumtisha kila Mwafrika kwa saratani hasemi kweli. Kosa la wenye imani hiyo ni kudhani kwamba pasipo saratani hakuna madhara.

Madhara yapo, yanaonekana mashavuni. Yule mama mwenye mabaka ya kahawia kwenye mashavu, kipaji cha uso na juu ya mdomo, yaliyomtokea wakati wa ujauzito na hayataki kuondoka, anaendelea kuyakoleza kila anapotoka nje. Kijana aliyepona chunusi anabaki na madoa meusi yanayokaa miezi kwa sababu jua linayachochea. Mwaka 2010 watafiti wa hospitali ya Henry Ford, Detroit, walionyesha jambo ambalo wengi hawalitarajii: hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huifanya ngozi yenye melanini nyingi ikolee, na weusi huo hukaa kwa muda mrefu, ilhali ngozi nyeupe sana haikuonyesha mabadiliko hayo. Kwa hiyo kuna dhara moja la jua ambalo ngozi nyeusi hulipata zaidi kuliko nyeupe, kinyume kabisa cha wasemavyo vijiweni.

Hapo ndipo mkorogo, yaani krimu za kujichubua, unapoingia.

Mtu aliyeambiwa tangu utotoni kwamba jua halimdhuru hawezi kulishuku anapoona mabaka. Atashuku damu chafu, atashuku sabuni, atashuku jicho la mtu. Kisha atanunua krimu ya kuondoa madoa. Nyingi ya krimu hizo zina hidrokwinoni, zebaki au steroidi kali, viambato ambavyo mamlaka za nchi zetu zimevipiga marufuku katika vipodozi lakini bado vinauzwa kwa kificho, na wakati mwingine bila kificho. Kazi ya hidrokwinoni na zebaki ni kuzuia melanini isitengenezwe, yaani kuivunja ile kinga yenyewe ambayo mtu alikuwa akijivunia. Steroidi huikondesha ngozi mpaka mishipa ya damu ikaonekana. Ngozi iliyovuliwa hivyo inatoka mchana kweupe bila kofia wala losheni, mabaka yanarudi meusi zaidi, na mwenye nayo anaongeza dozi.

Mwisho wa safari hiyo unajulikana. Mwaka 1975 daktari G. H. Findlay wa Afrika Kusini alieleza hali ya wanawake waliotumia krimu kali za hidrokwinoni kwa muda mrefu: ngozi za nyuso zao ziligeuka rangi ya samawati iliyochanganyika na weusi, zikawa ngumu, hasa pale panapopigwa na jua. Hali hiyo ni ngumu mno kutibu. Afrika Kusini iliipiga marufuku hidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990, baada ya madhara makubwa kwa watu wengi.

Kuna kundi jingine linalolipia imani hii, nalo linalipa kwa uhai. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi, kiwango kikubwa kikilinganishwa na nchi nyingi duniani. Hao hawana melanini ya kutosha kuwakinga, na kwao saratani ya ngozi si jambo la nadra. Ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya mapema. Mjini Moshi, katika kituo cha magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, imekuwa ikitengenezwa losheni ya KiliSun mahsusi kwa ajili yao. Lakini katika jamii inayoamini kwamba kujikinga na jua ni madoido ya kigeni, mtoto mwenye ualbino anachekwa kwa kofia yake, na kuna mzazi anayeiweka losheni kando pamoja na manukato, kama kitu cha anasa.

Kujikinga si ugeni kwetu. Wanawake wanaolima mwani Paje na Jambiani, Zanzibar, huingia majini bahari ikipwa wakiwa wamejitanda khanga na kuvaa mikono mirefu. Wavuvi na wakulima wamevaa kofia pana za ukindu tangu zamani. Nguo nzito na kivuli kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni hufanya kazi kubwa kuliko chupa yoyote, na havina gharama ya kila mwezi. Kapelo haitoshi, kwa kuwa inaacha masikio na shingo. Losheni yenye kinga (SPF) ya 30 au zaidi ipakwe pale nguo isipofika, irudiwe kila baada ya saa mbili. Mwenye mabaka atafute ile yenye rangi, iliyotiwa oksidi ya chuma, kwa maana ile isiyo na rangi haizuii vya kutosha mwanga unaoonekana.

Walimu wakuu wenye wanafunzi wenye ualbino wawaruhusu mikono mirefu na kofia pana hata gwarideni, wawaketishe mbali na dirisha lenye jua, na wasiwaadhibu kwa sababu ya sare. Na aliyekwisha kuanza mkorogo kwa ajili ya mabaka asiuache ghafla peke yake, kwani ngozi iliyozoea steroidi huwaka na kuvimba ikinyimwa. Aende kwa daktari wa ngozi na kopo lake mkononi, na aanze kuvaa kofia leo.