Kahawa ya Mia Mbili: Muacheni Muuza Kahawa Apumue!

Siku hizi ukikatiza vijiwe vya Chanika pale Handeni, au ukishuka basi stendi ya Korogwe, stori si Simba na Yanga tu. Stori ni kahawa. Kikombe kile kile kidogo kilichozoeleka kwa mia, sasa unaambiwa mia mbili. Basi kelele kama zote! "Huyu katuona mabwege." "Kahawa chungu haina sukari, ipande kwa nini?"

Haya, hesabu taratibu. Sukari haimo kwenye kikombe, lakini imo kwenye kashata, na nani anakunywa kahawa chungu bila kashata? Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Nino zilikwamisha uvunaji wa miwa, sukari ikaadimika, kilo ikavuka elfu nne sehemu kibao, mpaka serikali ikatoa bei elekezi. Kahawa yenyewe ndiyo usiseme. Februari 2025 Arabika ilivuka dola 4 kwa paundi moja kwenye soko la New York, na paundi haifiki hata nusu kilo. Sababu kubwa ni ukame wa Brazil.

Utasema Brazil inahusu nini wakati kahawa inalimwa hapo juu Lushoto? Inahusu. Mkulima akiona mnunuzi wa nje anatoa hela ndefu, hawezi kumuuzia mtu wa Handeni kwa bei ya zamani. Mkaa nao unatoka huku huku, ila magunia yanapanda lori kwenda Dar, kwa hiyo wa hapa anagombania na wa mjini.

Sasa ona unafiki. Yupo kijana mmoja wa Handeni, jina libaki kapuni. Juzi alikuwa Dar, kanunua kapuchino ya elfu saba, kapiga picha, kaposti. Hakuomba punguzo. Karudi nyumbani, anamfokea mzee wa watu kwa ajili ya mia, na deni la vikombe vya wiki nzima hajalipa!

Ni kweli inauma. Anayekunywa viwili kwa siku anaongeza mia mbili, mwezi elfu sita. Kwa bodaboda anayepeleka hesabu kwa bosi, au mzee asiye na pensheni, hiyo si hela ya kuchezea.

Ila muuza kahawa asipopandisha bei, anabaki na njia mbili tu: kuzidisha maji kwenye birika au kuzima jiko. Akizima jiko, kinachopotea si kahawa peke yake. Pale ndipo habari za msiba zinapofika, ndipo kibarua kinapopatikana, ndipo kijana anapokaa benchi moja na mzee akaambiwa ukweli.

Dawa ipo. Wazee wasio na kipato wabaki na mia yao, vijana walipe mia mbili mkononi, na mikopo ife. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Wewe unadaiwa vikombe vingapi?